Nyongeza Inayotosha Nauli ya Kwenda Tu

Barua ya nyongeza ya mshahara katika kampuni yetu hutolewa wiki ya mwisho ya Aprili, ndani ya bahasha ya kaki iliyogundishwa, na mkuu wa kitengo humwita kila mfanyakazi peke yake, akamkabidhi na kumtaka asaini daftari la kupokelea. Mwaka 2025 barua yangu ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilinishukuru kwa mchango wangu, ya pili ilisema kwamba menejimenti imeridhia kuniongezea asilimia 3 ya mshahara wa msingi, na ya tatu ilinikumbusha kwamba mambo ya mshahara ni siri kati ya mfanyakazi na mwajiri. Nilisaini, nikashukuru kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, nikarudi mezani kwangu na kukaa kitambo kirefu bila kugusa kazi.

Sasa Aprili nyingine inakaribia, na nimeona niandike kabla bahasha mpya hazijatoka. Kampuni sitaitaja. Inatosha kusema kwamba ni kubwa, ina matawi katika mikoa mingi, na mtaani kwetu mtu akisikia unafanya kazi pale huamini kwamba maisha umeyapatia. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Nimeipenda kazi yangu na bado ninaipenda, na ndiyo sababu jambo hili linanichoma kiasi hiki.

Nianze na hesabu, kwa kuwa ndiko uchungu wenyewe ulikoanzia. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, na asilimia 3 yake ni shilingi 36,000. Kabla fedha hiyo haijaingia kwenye akaunti inapita milango mitatu. Mlango wa kwanza ni mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10, ambao ulichukua 3,600. Mlango wa pili ni kodi ya mapato, ile tunayoiita PAYE, na kwa kuwa mshahara wangu ukishatolewa mchango wa hifadhi ya jamii bado unazidi 1,000,000, kila shilingi inayoongezeka hukatwa kwa kiwango cha juu kabisa cha asilimia 30, hivyo zikaondoka 9,720. Mlango wa tatu ni Bodi ya Mikopo, maana nilisoma chuo kwa mkopo wa serikali na bumu nililolipokea wakati ule ninalirejesha leo kwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Huko zikaenda 5,400. Kilichonifikia ni shilingi 17,280. Ninafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, takriban siku 26 kwa mwezi, na ukigawanya unapata shilingi 664 kwa siku. Nauli ya daladala jijini Dar es Salaam kwa ruti isiyozidi kilomita 10 ilikuwa shilingi 600 mwaka huo. Nyongeza ya mwaka mzima wa kazi, basi, inanifikisha ofisini asubuhi, na ya kunirudisha nyumbani Tabata jioni haimo.

Sitaki kuonekana ninalaumu makato kana kwamba fedha hiyo imetupwa. Zile 3,600 ni akiba yangu ya uzeeni, tena mwajiri huweka kiasi kama hicho juu yake. Zile 5,400 zinapunguza deni ambalo nililikopa kwa hiari na likanisomesha. Kodi inajenga barabara ambazo daladala hiyo hiyo inapita. Na kwa haki nimhesabie mwajiri pia: ili aniongezee 36,000 analazimika kuongeza mchango wake wa NSSF wa 3,600 pamoja na tozo ya kuendeleza ufundi stadi ya asilimia 3.5, ambayo ni 1,260, kwa hiyo nyongeza yangu inamgharimu si chini ya shilingi 40,860. Yeye anatoa karibu elfu arobaini na moja, mimi ninapokea elfu kumi na saba na kidogo, na kila mmoja wetu anaamini kwamba mwenzake hamwelewi. Laiti tungekaa meza moja na karatasi hiyo mbele yetu, nusu ya manung'uniko yangepata mahali pa kuanzia. Lakini hatujawahi kukaa, na hesabu hiyo sijawahi kuonyeshwa na mtu yeyote. Niliipiga mwenyewe kwenye simu wakati wa chakula cha mchana.

Kuna kipimo kingine kinachoniumiza zaidi. Kwa takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wastani wa mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 3.7 mwaka 2021, asilimia 4.3 mwaka 2022, asilimia 3.8 mwaka 2023 na asilimia 3.1 mwaka 2024. Ukivizidisha viwango hivyo kimoja juu ya kingine utaona kwamba katika miaka minne bei zilipanda kwa karibu asilimia 16. Katika Aprili nne zilizofuata miaka hiyo mimi nilipata sifuri mwaka 2022, kwa maelezo kwamba kampuni ilikuwa bado inajinasua na athari za Korona, halafu nikapata 3, nikapata 3, nikapata 3, ambazo kwa jumla ni zaidi kidogo ya asilimia 9. Kwa maneno mengine, mshahara wangu unanunua vitu vichache kuliko ulivyonunua kabla sijapata nyongeza yoyote kati ya hizo. Na huo mfumuko ni wastani wa nchi nzima na wa bidhaa nyingi; nauli yangu haikufuata wastani. Ilikuwa 400, Mei 2022 ikawa 500, Desemba 2023 ikawa 600, yaani imeongezeka nusu nzima katika muda usiofika miaka miwili. Kitu kinachopanda chini ya kasi ya bei mimi ninashindwa kukiita nyongeza, hata kama barua imekiita hivyo kwa herufi nzito.

Mkuu wangu wa kitengo ni mtu mwema, na ninaamini alikusudia kunifariji aliponiambia kwamba haba na haba hujaza kibaba. Nilimjibu kwa adabu kwamba kibaba changu kinavuja kwa chini kwa kasi kuliko kinavyojazwa kwa juu. Alinyamaza. Baadaye nilitambua kwamba naye alikuwa amepokea bahasha yake asubuhi hiyo hiyo.

Siku ile, saa kumi na moja jioni, nilimkuta mzee mmoja, dereva wetu, amekaa kwenye benchi la kibanda cha walinzi. Ameendesha magari ya kampuni kwa miaka 19, na hakuna meneja ambaye hajawahi kupelekwa naye uwanja wa ndege alfajiri. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akaniuliza kama ninaharakia daladala. Nilipomwambia hapana, alitoa barua yake kwenye mfuko wa shati. Alikuwa ameikunja mara nne mpaka imekuwa ndogo kama kitambulisho. Aliikunjua taratibu juu ya goti, akailainisha kwa kiganja, akaniambia, "Mwanangu, hebu nipigie hesabu, hapa nitashika ngapi mkononi?"

Mshahara wake ulikuwa 620,000. Asilimia 3 ni 18,600. Nikatoa NSSF 1,860, nikatoa kodi ya asilimia 20 katika kilichobaki, 3,348, nikamwonyesha kioo cha simu: 13,392. Aliitazama tarakimu hiyo kwa muda, akaniomba nirudie, kwa sababu alidhani labda nimekosea kubonyeza. Nikarudia. Ikatoka ile ile. Akasema kwamba mke wake alikuwa amemwomba, nyongeza ikitoka, wajaze mtungi mdogo wa gesi ili waache kupikia mkaa msimu wa mvua, na kwamba hii haijazi. Hakulalamika zaidi ya hapo. Aliikunja barua upya kwa mikunjo ile ile, akairudisha mfukoni na kufunga kifungo.

Tangu jioni ile nimekuwa nikiifikiria asilimia kama njia ya kusema jambo bila kulisema. Barua yake na yangu zilikuwa na tarakimu moja, 3, na ya mkuu wa idara yetu, kwa alivyotueleza mwenyewe katika kikao, ilikuwa na 3 vilevile. Tuliambiwa kwamba huo ndio usawa: kampuni haikumpendelea mtu. Lakini mtu wa 620,000 aliongezewa 18,600, na mtu wa 6,000,000 anayepewa asilimia hiyo hiyo anaongezewa 180,000, na wote wawili wananunua unga, sukari na mafuta ya kula katika soko moja. Pengo kati yao lilikuwa 5,380,000 kabla ya barua, na baada ya barua likawa 5,541,400. Ukirudia usawa wa namna hiyo kwa miaka 19, kama alivyokaa yule mzee, utaelewa kwa nini wengine wamejenga na wengine bado wanahama kila kodi ya nyumba inapopanda.

Taifa zima lilipitia funzo hili mwaka 2022. Mei ya mwaka ule Rais Samia Suluhu Hassan aliridhia kupandishwa kwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kwa asilimia 23.3, baada ya miaka mingi bila nyongeza ya jumla, na furaha ilikuwa kubwa. Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa shule ya msingi. Aliipigia hesabu 23.3 kwenye mshahara wake wote, akaandika pembeni ya daftari la maandalio ya somo vitu atakavyonunua. Mishahara ya Julai ilipoingia, watumishi wengi waliona ongezeko dogo mno, na serikali ikafafanua kwamba asilimia ile ilihusu kima cha chini, kilichotoka 300,000 hadi 370,000, na kwamba wenye mishahara ya juu zaidi viwango vyao vilikuwa vidogo. Kwa mantiki ya kumwinua wa chini kwanza, sioni kosa. Kilichouma ni kwamba watu walisikia asilimia mwezi Mei na wakaona shilingi mwezi Julai. Tofauti na kwetu ni kwamba wao waliuliza hadharani, vyama vyao vikasimama na serikali ikalazimika kueleza. Mei Mosi ya 2025, kule Singida, kima cha chini hicho kilitangazwa kupanda tena, kutoka 370,000 hadi 500,000, na mara hii kila mtu alizisikia shilingi zenyewe siku ile ile.

Sisi wa sekta binafsi tuna amri ya kima cha chini inayopangwa kwa sekta, na mpya imeanza Januari 2026. Inawalinda walio chini kabisa, na ninaifurahia kwa ajili yao. Aliye juu ya kima hicho, hata kwa shilingi elfu moja, amri haimgusi. Yeye anasubiri bahasha.

Nirudi ofisini. Nyongeza yetu inafungamanishwa na tathmini ya utendaji, ambayo hujazwa mara mbili kwa mwaka na kutolewa alama kuanzia 1 hadi 5. Mwenye 3 anapata asilimia 3, mwenye 4 anapata asilimia 4.5. Mwaka 2024 nilifanya kazi ya watu wawili kwa miezi mitano, kwa sababu mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi kisha akahamishwa, na nafasi yake haikujazwa mpaka robo ya mwisho. Mkuu wangu alinipa 4. Fomu iliporudi kutoka makao makuu ilikuwa imeandikwa 3. Nilipouliza, nilielezwa kwamba kila kitengo kina idadi ya 4 kinazoruhusiwa kutoa, na chetu zilikuwa zimekwisha. Nilikwenda kupiga hesabu tena, kama ilivyokuwa desturi yangu kufikia hapo. Tofauti ya asilimia 1.5 kwangu ni 18,000, na baada ya milango mitatu ni 8,640 kwa mwezi. Hizo ndizo thamani ya miezi mitano ya kuondoka ofisini usiku, na hata hizo zilizuiwa kwa sababu ya idadi iliyopangwa kabla mtu yeyote hajaiona kazi yangu. Nilisoma maneno ya mkuu wangu kwenye fomu ile, sentensi nne nzuri kabisa zilizoandikwa kwa mkono wake, na juu yake alama iliyobadilishwa. Nimeitunza nakala.

Halafu likaja la mgeni. Robo ile ya mwisho aliajiriwa binti mmoja kushika nafasi iliyokuwa wazi, na mimi nikapewa jukumu la kumfundisha. Ni msichana mwenye bidii na heshima, na kwa miezi mitatu tulikaa kiti kwa kiti. Nilimfundisha mfumo, nikamtambulisha kwa wateja, nikamwonyesha hata mahali pa kununua maandazi yasiyokuwa na mafuta mengi. Mwisho wa mwezi wake wa pili alinijia na slipu ya mshahara mkononi, akaniambia, "Dada, naomba unisaidie, sielewi haya makato yamefikaje hapa." Nikaichukua ili nimweleze. Mshahara wake wa msingi ulikuwa 1,450,000.

Nilimweleza makato yote, moja baada ya jingine, NSSF, PAYE na Bodi ya Mikopo. Sauti yangu ilibaki ya kawaida, hilo ninamshukuru Mungu. Lakini binti huyu si mjinga, aliona uso wangu, akaichukua slipu yake polepole, akasema, "Samahani dada, sikujua." Nilimwambia hana kosa lolote, na nilimaanisha. Hajaiba kitu cha mtu. Aliulizwa anataka ngapi, akataja, akapewa. Mimi nilipoingia miaka tisa iliyopita niliulizwa pia, nikataja kwa woga wa mtu anayetafuta kazi ya kwanza, na tangu siku ile kila asilimia niliyoongezewa imehesabiwa juu ya woga ule.

Nilipolifikisha suala hili kwa rasilimali watu, bila kumtaja binti wala tarakimu, nilijibiwa kwamba waajiriwa wapya hulipwa kwa bei ya soko. Jibu hilo nimelibeba kifuani kwa muda mrefu. Kama kuna bei ya soko kwa kazi hii, na kampuni inaijua, na iko tayari kuilipa kwa mtu ambaye haijawahi kumwona akifanya kazi, basi inajua pia kwamba mimi inanilipa chini ya bei hiyo, na imeamua kuendelea hivyo kwa sababu sijaondoka. Kukaa kwangu, ambako barua ya Aprili inakusifu kuwa ni uaminifu, ndiko kunakoniweka chini. Wenzangu watatu wenye uzoefu waliligundua hili mapema, wakahamia kampuni nyingine kwa mishahara ambayo pale kwetu wangeifikia baada ya miaka kumi. Mmoja wao sasa anaombwa arudi, na kwa dau kubwa zaidi.

Watu huuliza kwa nini basi nisiondoke. Nina mkopo wa benki unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, wa kumalizia nyumba ambayo bado haina dari, na mkataba wake unafungamana na mwajiri huyu. Nina mtoto darasa la pili. Nina mama Korogwe ambaye dawa zake za presha zinapatikana kwa bima ya kazini kwangu. Na zaidi ya hayo, kwa nini jawabu la mtu anayefanya kazi vizuri liwe kuondoka? Yule mzee dereva akiwa na miaka 57 aende wapi?

Jambo ambalo menejimenti huenda hailioni ni mfuatano wa matukio. Wiki mbili kabla ya bahasha zile tuliitwa kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, tukagawiwa fulana zenye nembo, ikakatwa keki, na mkurugenzi akatutangazia kwamba mwaka uliopita kampuni ilipata faida kubwa kuliko mwaka wowote tangu ianzishwe. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kwa dhati, kwa kuwa nilijua ni jasho la nani. Kisha zikaja bahasha zenye 3. Laiti tungeambiwa kwamba mwaka umekuwa mgumu tungeelewa. Mwaka 2022 tuliambiwa hivyo na tulikubali sifuri bila neno. Mtu anaweza kuvumilia kidogo katika shida. Kidogo katika neema, tena bila maelezo, kinamfanya ajione kwamba hakuhesabiwa.

Ninaloliomba si kubwa, na nimelipigia hesabu pia. Tuchukue watu watatu tu: dereva wa 620,000, mimi wa 1,200,000 na mkuu wa idara wa 6,000,000. Mishahara yetu kwa jumla ni 7,820,000, na asilimia 3 ya jumla hiyo ni 234,600. Hiyo ndiyo fedha ambayo kampuni imeshaamua kuitoa. Siombi hata shilingi moja zaidi ya hapo. Sasa nusu yake, 117,300, igawanywe sawa kwa vichwa, kila mmoja 39,100, na nusu ya pili itolewe kwa asilimia 1.5 kama kawaida. Dereva atapata 48,400 badala ya 18,600. Mimi nitapata 57,100 badala ya 36,000. Mkuu wa idara atapata 129,100 badala ya 180,000, na bado yeye ndiye aliyeongezewa zaidi kuliko sote. Mtungi wa gesi wa mke wa yule mzee umejaa, na mwajiri hakuongeza gharama. Nimeionyesha karatasi hii kwa watu wengi pale kazini, wakiwemo wawili wenye mishahara mikubwa, na hakuna aliyeniambia kwamba si haki. Mmoja wa hao wakubwa aliitazama akasema, "Hatukuwahi kuletewa kwa namna hii."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba lazima tuilete kwa namna hii, na kwamba mtu mmoja mmoja na bahasha yake hawezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakitambua chama cha wafanyakazi kuwa msemaji pekee wa kundi la wafanyakazi pale chama hicho kinapokuwa na wanachama walio wengi katika kundi hilo, na kikishatambuliwa mwajiri anawajibika kujadiliana nacho kwa nia njema na kukipa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana. Kinachotoka katika majadiliano hayo kikisainiwa, ule tunaouita mkataba wa hali bora, kinazifunga pande zote mbili. Nilikuwa nimefanya kazi miaka minane bila kuyajua haya kwa ukamilifu. Nilidhani chama ni cha viwandani na bandarini, na kwamba sisi tunaokaa kwenye viyoyozi tuna njia nyingine. Njia hiyo nyingine sijaiona.

Kinachohitajika ni kujaza fomu, TUF 6, ambayo mfanyakazi anamruhusu mwajiri akate ada ya chama kwenye mshahara wake. Baadhi ya wenzangu waliogopa, na siwadharau, kwa sababu mikataba ya wengi ni ya miaka miwili miwili na kila mtu anajua jinsi mkataba unavyoweza kutohuishwa. Wengine waliona uchungu kuongeza kato jingine juu ya slipu ambayo tayari imejaa makato, na hao pia nawaelewa, maana nimeishi na hesabu zile. Yule binti niliyemfundisha alikuwa wa tano kujaza. Aliniletea fomu yake mwenyewe mezani, imejazwa vizuri kwa wino wa buluu, bila mimi kumwomba, akasema kwamba atakaa kwenye kazi hii zaidi ya mwaka mmoja na hataki kuwa mimi. Alishtuka kwa alivyolitamka, akaomba radhi, nikamwambia asiombe.

Wiki iliyopita nilimfuata mzee kwenye benchi lake. Nilikuwa nimembebea fomu na ile karatasi ya watu watatu. Aliisoma karatasi kwanza, akiufuata mstari kwa kidole, na alipofika kwenye 48,400 akaniuliza kama hiyo ni kabla au baada ya kukatwa. Nikamwambia ni kabla, na kwamba mkononi ingekuwa 34,848. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Akaniomba kalamu, akaiweka fomu juu ya boneti la gari kwa kuwa benchi lilikuwa na vumbi, akaandika majina yake yote matatu kwa herufi kubwa, akasaini. Kisha akatoa kwenye mfuko wa shati ile barua ya Aprili, bado katika mikunjo yake, akaniambia niipige picha, ili siku tukikaa na wakubwa nisiwe na maneno matupu.

Katika kundi letu wamebaki watu kumi na mmoja ili tufike nusu na mmoja.